Pwani Bungeni: Viti Viliongezeka, Uzito Ukabaki Seneti

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, lawama moja husikika kuanzia Vanga hadi Kiunga: kwamba Pwani haisikiki Nairobi kwa kuwa viti vyake bungeni ni vichache. Wanasiasa huirudia majukwaani, wazee huijadili barazani, na vijana huiandika mitandaoni kana kwamba ni jambo lisilohitaji ushahidi. Hesabu, hata hivyo, haiiungi mkono. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 4,329,474 katika kaunti sita zilizokuwa Mkoa wa Pwani, yaani Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, katika taifa la watu 47,564,296. Hao ni asilimia 9.1 ya Wakenya wote. Maeneo bunge ya Pwani ni 26 kati ya 290, ambayo ni asilimia 9 kasoro kidogo sana. Pwani, basi, imepewa karibu kile kile inachostahili kwa idadi ya watu wake. Kama kuna tatizo, na mimi naamini lipo, inatupasa tulitafute katika swali ambalo haliulizwi mara nyingi: tangu zamani Pwani imewakilishwa katika chumba gani, na chumba hicho kimekuwa na nguvu gani?

Baraza la Kutunga Sheria la wakoloni lilianza vikao vyake mwaka 1907. Lilikutana Nairobi, kwa maana Mombasa ilikuwa imekwisha kupokonywa makao makuu ya serikali, na wajumbe wake walikuwa maofisa wa serikali pamoja na walowezi wachache wa Kizungu walioteuliwa. Mwaka uliofuata, 1908, ilipitishwa Sheria ya Hati za Ardhi, ambayo kwa hakika ilitungwa kwa ajili ya Pwani. Ilimtaka kila mwenye madai ya ardhi katika ukanda wa pwani ajitokeze na kuthibitisha umiliki wake ili apewe hati. Ardhi ambayo haikudaiwa, au ambayo madai yake yalikataliwa, ilihesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza. Waliokuwa na nyaraka na mashahidi, na waliozoea taratibu za makadhi na maliwali, walipata hati zao. Wamijikenda wengi, ambao kwao ardhi ilikuwa ya ukoo na mipaka yake ilijulikana kwa mikorosho, minazi na makaburi ya wazee, walibaki nje ya daftari. Matatizo ya maskwota wa Kilifi, Kwale na Lamu yana vyanzo vingi, na vingine ni vya baada ya uhuru, lakini chanzo kimoja kikubwa ni sheria iliyopitishwa na baraza ambalo halikuwa na mwenyeji wa Pwani hata mmoja wa kuinua mkono. Ndiyo maana siwezi kuisoma historia ya uwakilishi wa mkoa huu kama orodha ya majina ya waheshimiwa tu.

Uwakilishi ulipokuja, ulikuja kwa misingi ya rangi. Kufuatia Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923, uchaguzi wa mwaka uliofuata uliwapa Wazungu viti 11, Wahindi viti 5 na Waarabu kiti 1. Waafrika hawakupewa kiti cha kuchaguliwa. Maslahi yao yalikabidhiwa mmishonari aliyeteuliwa. Kwa kuwa Waarabu wa Kenya wengi wao walikaa Mombasa, Malindi na Lamu, kiti kile kimoja kilikuwa, kwa vitendo, kiti cha Pwani, na sambamba nacho Sir Ali bin Salim, aliyekuwa Liwali, alikaa katika Baraza kwa uteuzi. Kiti hicho, hata hivyo, kilizua mgogoro ambao athari zake bado zinaonekana. Waswahili wa Mombasa, wale Thenashara Taifa waliogawanyika katika Thelatha Taifa na Tisa Taifa, waliambiwa kwamba wao si Waarabu, kwa hiyo hawana kura. Na wakati huo huo hawakutaka kuhesabiwa miongoni mwa wale ambao serikali iliwaita wenyeji, kwani kundi hilo nalo halikuwa na kura wala haki nyingine nyingi. Waliunda chama chao, Afro-Asian Association, wakaanza kupeleka maombi serikalini. Mtu anaweza kuwacheka leo kwa kugombania kuitwa Waarabu, lakini serikali ndiyo iliyokuwa imeuweka mlango wa Baraza mahali hapo, na mtu hupita penye mlango.

Matokeo yake ni kwamba watu waliokuwa wakiishi mtaa mmoja, wakisali msikiti mmoja na kuoana, waligawanywa na daftari la wapiga kura kabla siasa za vyama hazijaanza. Mmijikenda, Mtaita na Mpokomo hawakuwa na daftari lolote.

Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia katika Baraza mwaka 1944 kwa uteuzi. Baadaye Pwani nayo ilipata mjumbe wa kuteuliwa, Jimmy Jeremiah. Kisha ukaja uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza kwa Waafrika, uliokuwa na viti 8 nchi nzima. Pwani ilipewa kiti kimoja. Kura zenyewe hazikuwa sawa, kwani utaratibu uliotokana na mapendekezo ya W. F. Coutts ulimpa mtu kura moja, mbili au hata tatu kulingana na elimu yake, kipato au mali yake, na utumishi wake wa muda mrefu. Mwalimu mwenye cheti na mshahara wa mwezi angeweza kutumbukiza kura tatu, wakati mkulima wa Ganze aliyewalea watoto kumi kwa mahindi na mihogo hakuwa na hata moja. Katika mazingira hayo alishinda mwalimu, Ronald Ngala, aliyekuwa akiiongoza Shule ya Buxton mjini Mombasa. Miongoni mwa wenzake saba walioingia naye walikuwamo Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Viti vilipoongezwa sita mwaka 1958, Mombasa ilipata mjumbe wake, mwandishi wa habari Francis Khamisi, ambaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha KAU (Kenya African Union). Basi wajumbe wa Pwani wakawa wawili kati ya kumi na wanne.

Ngala alikuwa na kipaji ambacho Pwani haijakiona tena kwa kiwango kile: aliweza kuzungumza kwa niaba ya mkoa wake na wakati huo huo akaongoza watu wasio wa mkoa wake. Chama chake cha Coast African Political Union kilipoungana na vyama vya Wakalenjin, Wamaasai na wengine mwaka 1960 kuunda KADU, yeye ndiye aliyefanywa kiongozi, na Muliro akawa msaidizi wake. Hofu iliyowaunganisha ilikuwa moja: kwamba uhuru ungekuja na serikali moja yenye nguvu zote Nairobi, na jamii ndogo zingebaki zikipiga magoti mbele yake. Katika uchaguzi wa mwaka 1961 KANU, chama kilichoshindana nayo, ilipata viti 19 na KADU 11, lakini KANU ilikataa kuunda serikali hadi Jomo Kenyatta aachiliwe huru. Ngala akakubali kuiunda, akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Kwa kipindi kifupi, basi, mbunge kutoka Pwani ndiye aliyekuwa mwanasiasa Mwafrika mwenye cheo cha juu kuliko wote nchini. Wapo waliomwita msaliti kwa hatua hiyo. Kwa maoni yangu, pasipo kipindi hicho mazungumzo ya Lancaster House yasingezaa katiba ya majimbo, yaani ya mikoa yenye mamlaka yake yenyewe, na Pwani ingeingia katika uhuru mikono mitupu.

Wakati huo huo lilikuwapo suala la Mwambao, yaani ule ukanda wa maili kumi uliokuwa kisheria chini ya Sultani wa Zanzibar ingawa ulitawaliwa na Waingereza. Wapo waliotaka ukanda huo ujitawale, na wapo walioona kwamba madai hayo yangewarudisha Wamijikenda chini ya maliwali. Sir James Robertson alitumwa kuchunguza, akapendekeza mwaka 1961 kwamba ukanda uunganishwe na Kenya, na makubaliano ya Oktoba 1963 yakalimaliza jambo hilo kwa ahadi kwamba Uislamu na mahakama za kadhi zitalindwa. Ninalotaka kulisisitiza ni kwamba wakati mkoa ulipohitaji kusema kwa kauli moja kuhusu katiba, ulikuwa umegawanyika kati ya wale wa Mwambao na wale wa majimbo. Mgawanyiko huo ulikuwa na sura ile ile ya madaftari ya wapiga kura ya mwaka 1924.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa msomaji akae nami kidogo, kwa sababu ndipo kiini cha jambo kilipo. Katiba ya mwaka 1963 iliweka vyumba viwili vya Bunge. Baraza la Wawakilishi lilikuwa na maeneo bunge 117 pamoja na wajumbe 12 waliochaguliwa na wabunge wenyewe. Seneti ilikuwa na viti 41, kimoja kwa kila wilaya na kimoja kwa eneo la Nairobi, bila kujali wilaya ina watu wangapi. Pembeni yake kulikuwa na mabaraza ya majimbo saba, na Rais wa baraza la jimbo la Pwani alikuwa Ngala. Nguvu ya Seneti haikuwa katika kutunga sheria za kila siku, bali katika kuilinda katiba: vifungu vilivyohusu majimbo, haki za raia na Seneti yenyewe havikuweza kubadilishwa mpaka vikubaliwe na asilimia 75 ya Baraza la Wawakilishi na asilimia 90 ya Seneti. Maseneta watano tu wangetosha kuizuia serikali. Kwa mkoa wenye watu wachache, hakuna wakati wowote, kabla wala baada, ambapo mwakilishi mmoja alikuwa na thamani kubwa kiasi hicho.

Spika wa Seneti hiyo alikuwa mtu wa Pwani, Muinga Chokwe, mwanaharakati wa zamani wa KAU mjini Mombasa. Ajabu ni kwamba jina lake halitajwi sana hata kwetu. Barabara na shule zimepewa majina ya watu waliofanya kidogo kuliko yeye.

Hali hiyo haikudumu. Serikali kuu iliyashikia mabaraza ya majimbo fedha na watumishi, na wabunge wa KADU wakaanza kuvuka sakafu mmoja baada ya mwingine kuelekea KANU, kwani huko ndiko zilikokuwa nafasi za uwaziri na miradi ya maendeleo. Kenyatta akatangaza kwamba Kenya itakuwa jamhuri na kwamba, Bunge likikataa, atawaendea wananchi kwa kura ya maoni. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama bungeni akatangaza kuivunja KADU na kujiunga na upande wa serikali. Majimbo yaliondolewa, jamhuri ikazaliwa tarehe 12 Desemba, na mwaka 1965 kiwango cha kubadilisha katiba kikashushwa hadi asilimia 65 katika vyumba vyote viwili. Mwishoni mwa mwaka 1966 Seneti yenyewe ilikubali kuvunjwa. Maseneta 41 hawakurudishwa nyumbani. Walitengewa maeneo bunge mapya, hesabu ikawa 158, na muda wa Bunge ukarefushwa. Wilaya ziligawanywa upya ili kila seneta apate mahali pa kukaa.

Wengi humlaumu Ngala kwa tarehe ile ya Novemba. Mimi simlaumu sana kwa hilo, maana chama chake kilikuwa kinamomonyoka mikononi mwake na kura ya maoni angeishindwa. Lawama yangu ni kwa yale ya mwaka 1966, ambayo hayazungumzwi. Wakati huo hapakuwa na shinikizo la jamhuri wala la uhuru. Chumba ambacho Lamu na Tana River zilikuwa sawa na Nairobi kilibadilishwa kwa viti vya kawaida katika chumba ambacho idadi ndiyo inayoamua, na waliokubali mabadiliko hayo walihakikishiwa mishahara yao kwanza. Kwa hesabu ya viti, Pwani ilitoka pale ikiwa na wabunge zaidi ya iliokuwa nao. Kwa hesabu ya nguvu ilitoka mikono mitupu, na hali hiyo ikaendelea kwa zaidi ya miaka arobaini.

Ngala aliingia katika baraza la mawaziri mwaka 1966 na akachaguliwa makamu wa rais wa KANU kwa upande wa Pwani katika mkutano wa Limuru. Alifariki siku ya Krismasi mwaka 1972, kutokana na ajali ya gari katika barabara ya Nairobi kwenda Mombasa. Baada yake uwakilishi wa Pwani ulikuwa wa aina nyingine. Robert Matano wa Kwale alifika hadi cheo cha katibu mkuu wa KANU. Shariff Nassir aliingia bungeni mwaka 1974 na hakung'oka hadi mwaka 2002, akiwa mwenyekiti wa siasa za Mombasa ambaye hakuna aliyepata tikiti bila kumwona. Hawa walikuwa wanasiasa hodari, lakini uhodari wao ulikuwa wa kushuka: waliileta sauti ya Ikulu Pwani kwa ustadi kuliko walivyoipeleka sauti ya Pwani Ikulu. Mfumo wa chama kimoja haukuwaacha na njia nyingine, na uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988, ambapo wapiga kura walipanga foleni nyuma ya picha za wagombea, ulionyesha mwananchi alikuwa na nafasi gani katika kumchagua huyo mwakilishi wake.

Kuna jambo dogo la miaka hiyo ambalo hunichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Julai 1974 Kenyatta aliamuru kwamba mijadala ya Bunge iendeshwe kwa Kiswahili. Mtu angetarajia kwamba huo ndio ungekuwa wakati wa wabunge wa Pwani kutamba, na kwa kweli baadhi yao walitamba kwa ufasaha. Lakini miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mbunge alisoma kifungu kwa lugha moja na kukijadili kwa nyingine, na baada ya miaka michache Kiingereza kikarudi ukumbini bega kwa bega na Kiswahili. Waliojua sheria waliendelea kuzitunga, na waliojua lugha waliendelea kupigiwa makofi.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, chama kilichowavuta vijana wengi wa Mombasa, Islamic Party of Kenya, kilinyimwa usajili kwa hoja kwamba ni cha kidini. Mwaka 1997 uchaguzi ulitanguliwa na umwagaji damu. Usiku wa tarehe 13 Agosti watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Likoni, na majuma yaliyofuata maelfu ya watu waliotoka bara walikimbia makazi yao, wengi wao wakiwa wamejiandikisha kupiga kura huko huko. Tume ya Jaji Akiwumi iliyachunguza matukio hayo baadaye. Desemba mwaka huo kiti cha Likoni kilichukuliwa na Suleiman Shakombo kwa tikiti ya Shirikisho, chama kilichohubiri majimbo. Madai ya mwaka 1963 yalirudi, safari hii yakiwa na mbunge mmoja na makaburi mengi. Siwezi kuyataja madai hayo kwa fahari, hata kama nakubaliana na sehemu yake, pasipo kukumbuka ni nani waliolipia.

Ni katika uchaguzi huo huo wa 1997 ambapo maeneo bunge ya nchi yalifika 210, na Pwani ikawa na 21. Ilikuwa asilimia 10 kamili, kiwango kizuri kuliko cha leo. Je, kilileta nini? Mwaka 2002 upepo wa muungano wa vyama wa NARC uliwaingiza kina Najib Balala wa Mvita na Karisa Maitha wa Kisauni katika baraza la mawaziri, na Maitha hasa alikuwa na wafuasi ambao wangeweza kumfanya Ngala wa pili, lakini alifariki Agosti 2004. Hati za ardhi zilitolewa hapa na pale, kwa sherehe. Suala lenyewe la ardhi halikuguswa. Ndipo ikaja sauti ya nje ya Bunge kabisa, Mombasa Republican Council, iliyosema kwamba Pwani si Kenya na kuwataka watu wasusie uchaguzi wa mwaka 2013. Watu hawafiki hapo kwa kukosa wabunge. Walikuwa nao ishirini na mmoja.

Katiba ya mwaka 2010 iliufuta mkoa kama chombo cha utawala, ikaleta kaunti 47 na kuirudisha Seneti. Maeneo bunge yakawa 290. Pwani iliongezewa matano: Changamwe ilizaa Jomvu, Kisauni ikazaa Nyali, Lunga Lunga ikatoka Msambweni, Rabai ikatoka Kaloleni, na Bahari ya zamani ikawa Kilifi Kaskazini na Kilifi Kusini. Kwa utaratibu wa namba, ya kwanza nchini ni Changamwe na ya ishirini na sita ni Voi, kwa hiyo Pwani yote hutangulia katika kila orodha ya matokeo. Ni heshima ya karatasi tu. Sehemu yake katika Bunge la Kitaifa ilishuka kutoka asilimia 10 hadi hiyo asilimia 9, ingawa wawakilishi wanawake sita wa kaunti waliipandisha kidogo.

Katika Seneti mambo ni tofauti. Pwani ina maseneta 6 kati ya 47 wanaochaguliwa na wananchi, karibu asilimia 13. Nairobi, yenye watu 4,397,073, inawazidi Wapwani wote kwa jumla, na ina seneta mmoja. Lamu, yenye watu 143,920, ina seneta mmoja pia. Tofauti hiyo ilionekana waziwazi mwaka 2020, Seneti ilipojadili kanuni mpya ya kugawa fedha baina ya kaunti. Hoja ya kwamba fedha zifuate watu iliungwa mkono na kaunti zenye watu wengi, na kama ingepita ilivyokuwa, Mombasa, Kwale, Kilifi na Tana River zingepungukiwa na mabilioni ya shilingi. Kikao kiliahirishwa, kikaitishwa, kikaahirishwa tena. Maseneta watatu walikamatwa na polisi katikati ya mgogoro. Na Septemba ikakubaliwa kwamba hakuna kaunti itakayopata chini ya ilivyokuwa ikipata. Pwani haikushinda peke yake, kwani ilisimama na kaunti za kaskazini mashariki na za Ukambani, na hiyo ndiyo siasa aliyoijua Ngala. Mjadala kama huo ukipelekwa katika Bunge la Kitaifa, ambako asilimia 9 ni asilimia 9, sioni ungekwishaje vinginevyo ila kwa hasara.

Septemba 2022 maseneta walimchagua Amason Kingi, aliyekuwa mbunge wa Magarini na baadaye gavana wa Kilifi, kuwa Spika wao. Katika vyumba vyote viwili vya Bunge tangu uhuru, Pwani imetoa maspika wawili, Chokwe na Kingi, na wote wawili ni wa Seneti. Bunge la Kitaifa, kuanzia Humphrey Slade hadi Moses Wetang'ula, halijapata spika wa Pwani.

Seneti ya leo, hata hivyo, si ile ya asilimia 90. Haina neno katika bajeti kuu, na miswada isiyohusu kaunti hupita bila kuiuliza. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo iliandika kwa kirefu juu ya dhuluma za ardhi za Pwani na ikakabidhiwa Rais mwaka 2013, imekwama bungeni bila kupitishwa. Hapo ndipo ningependa maseneta na wabunge wa Pwani waulizwe maswali majukwaani, badala ya kuulizwa wameleta mabomba mangapi ya maji, kazi ambayo ni ya gavana.

Suala litakalofuata ni la mipaka. Katiba inataka maeneo bunge yapitiwe upya kila baada ya miaka minane hadi kumi na miwili, na kikomo kilipita Machi 2024 wakati tume ya uchaguzi haina makamishna. Makamishna wapya waliapishwa Julai 2025, kwa hiyo kazi hiyo inawasubiri. Katika mapitio ya kwanza, katiba ilikataza eneo bunge lolote lililokuwapo lisifutwe. Ulinzi huo haupo tena. Nimejaribu kupiga hesabu kwa takwimu za 2019. Wastani wa taifa ni watu 164,015 kwa eneo bunge moja. Kwa wastani huo Kilifi, yenye maeneo 7, inakaribia 9. Mombasa inapanda kutoka 6 hadi 7, na Kwale kutoka 4 hadi 5. Tana River inashuka kutoka 3 hadi 2, Taita Taveta kutoka 4 hadi 2, na Lamu kutoka 2 hadi 1. Jumla yake inarudi pale pale, 26. Katiba inaruhusu kupanda au kushuka kwa asilimia 30, na asilimia 40 kwa miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache, kwa hiyo Taita Taveta inaweza kuokoa kiti kimoja. Lamu Mashariki haiokoki kwa hesabu yoyote, maana ina watu 22,258.

Ukiitazama Lamu Mashariki kwa karibu, hesabu hiyo inaanza kuonekana ya kikatili. Ina wadi tatu, Faza, Kiunga na Basuba. Anayetoka mjini Lamu kwenda Faza hupita kwa boti katika mkondo wa Mkanda, na maji yakitoka hungoja yajae. Masanduku ya kura hungoja pia. Kiunga iko karibu kabisa na mpaka wa Somalia, na Basuba imo ndani ya msitu wa Boni, ambako oparesheni ya usalama ilianza mwaka 2015 na shule na zahanati zikafungwa kwa vipindi virefu. Mbunge wa watu elfu ishirini na mbili ana kazi ya kutosha huko. Lakini skwota wa Magarini naye anauliza kwa nini kura yake iwe na uzito mdogo kiasi hicho kuliko ya mvuvi wa Kizingitini, na swali lake ni la haki vilevile. Mwanasiasa wa Lamu atakayeipokea ramani kama hiyo bila kukimbilia mahakamani sijamwona bado, na wa Kilifi atakayeikataa sijamwona pia.